Usalama Katika Maabara ya Kemia: Kanuni na Sababu Zake

Mwanachuo aingiapo katika maabara ya kemia kwa mara ya kwanza hukuta karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye kanuni kumi na mbili au ishirini: usikimbie, usile, usionje, usichezee moto, usifanye jaribio ambalo hukuagizwa. Huzisoma siku hiyo. Huzinakili katika daftari kwa kuwa mkufunzi amesema zitaulizwa katika mtihani. Na baada ya majuma mawili hazioni tena, kama vile mtu asivyoliona tena pambo lililo juu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. Sisi tuliofundisha katika maabara hizo twajua kwamba karatasi ile ni ya lazima. Twajua pia kwamba haijapata kumzuia mtu kuungua. Amri ambayo sababu yake haijulikani hudumu maadamu aliyeitoa yupo karibu, na mwalimu wa shule ya msingi, tangu siku ya kwanza ya kazi yake, yuko mbali na wote waliomwamuru.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa wasomaji wetu. Chuoni kuna bomba la maji, kuna mkufunzi, pengine kuna na fundi wa maabara, ndoo ya mchanga na kizima moto. Mwanachuo huyo huyo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hukuta chumba chenye watoto sitini au zaidi, madawati yaliyobanana, mlango mmoja, na zana zake ni chupa za soda, sufuria, mishumaa na kibatari. Vifaa vya kinga alivyovizoea havikumfuata huko. Kinachoweza kumfuata ni kujua kwa nini kila kanuni iliwekwa, ili aweze kuitumia mahali ambapo hakuna bomba wala miwani. Kwa hiyo hatutairudia karatasi yote ya ukutani. Tutachagua mambo machache ambayo tumeyaona yakikosewa mara nyingi zaidi, tuyaeleze kutoka kwenye mzizi wake.

Moto usioonekana

Tuanze na taa ya spiriti, kwa kuwa ndicho chombo cha moto kinachopatikana kwa urahisi pasipo na gesi, na kwa kuwa ndicho kilichotufundisha sisi wenyewe somo gumu kuliko yote.

Mwaka mmoja, mwanachuo mmoja aliyekuwa miongoni mwa wale makini kabisa alikuwa akichemsha maji katika bika. Katikati ya jaribio aliona taa yake imezimika. Akaichukua chupa kubwa ya spiriti iliyokuwa mezani, akaanza kuijaza. Taa haikuwa imezimika. Moto wa spiriti ni wa buluu iliyofifia sana, na pale mezani jua la asubuhi lilikuwa likiingia dirishani. Katika mwanga wa namna hiyo moto ule hauonekani kabisa. Ukapanda kwenye mkondo wa spiriti mpaka kwenye mdomo wa chupa. Kijana aliitupa chupa kwa hofu, nayo ikamwagika juu ya mkono wake na juu ya meza. Mwenzake alivua koti lake zito la pamba akaufunika mkono ule, nasi tukaizima meza kwa mchanga. Mkono ulipona, lakini alama zake zilibaki.

Jioni ile tulilifungua daftari lake. Kanuni ilikuwamo, kwa mwandiko mzuri: "Usijaze taa inayowaka." Hakuwa ameivunja kwa jinsi alivyoielewa, kwa sababu aliamini kwamba taa haiwaki. Na tukaona kwamba kosa kubwa lilikuwa letu. Tulikuwa tumempa kanuni bila kumweleza tabia ya moto wa spiriti, tena tulikuwa tumeiacha chupa kubwa juu ya meza yenye moto.

Tabia yenyewe ni hii. Kimiminiko hakiungui, kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Swali la kuuliza juu ya kila kimiminiko cha kuwasha ni hili: kinahitaji joto kiasi gani ili kitoe mvuke wa kutosha kushika moto? Mafuta ya taa huhitaji nyuzi 38 za sentigredi au zaidi. Ndiyo maana mtu akitupa njiti ya kiberiti inayowaka katika kikombe cha mafuta ya taa yaliyo baridi, mara nyingi njiti huzimika. Spiriti, iwe ya ethanoli au ya methanoli, huhitaji nyuzi 11 hadi 13 tu. Petroli hutoa mvuke huo hata chini ya nyuzi 0. Sasa darasa la Tabora au la Tanga saa sita mchana lina nyuzi 28 au 30. Maana yake ni kwamba spiriti iliyo wazi darasani iko tayari kuwaka wakati wote, na mvuke wake, ambao ni mzito kuliko hewa, hutambaa juu ya meza kuelekea kwenye moto wa jirani. Wengi wetu tumelelewa na kibatari. Mkono wetu umezoea mafuta ya taa, nao hudhani kwamba spiriti ni ndugu yake. Si ndugu yake. Katika tabia hii ni jirani wa petroli.

Akishajua hayo, mwanachuo hahitaji tena kukariri. Ataizima taa kwa kifuniko chake wala si kwa kupuliza, kwa sababu kifuniko hukata hewa na kuondoa shaka kama moto bado upo au haupo. Ataingoja ipoe, kwa sababu taa yenye moto inageuza spiriti kuwa mvuke kwa wingi zaidi. Ataijaza kwenye meza nyingine, kwa kichupa kidogo chenye kiasi cha taa moja tu, na chupa kubwa itakuwa imekwisha kurudishwa kabatini kabla kiberiti hakijatolewa mfukoni.

Jambo hilo la chupa kubwa lisidharauliwe kwa kuwa tumelieleza kwa mfano wa chuo chenye shida. Hata katika nchi yenye maabara tajiri, Marekani, mwaka 2014 ulikuwa na ajali kadhaa za namna moja. Mwezi Januari, katika shule moja ya sekondari mjini New York, mwalimu alikuwa akiwaonyesha wanafunzi rangi za moto za chumvi mbalimbali kwa kutumia methanoli. Alipoongeza methanoli kutoka kwenye chupa, moto uliruka na kuwaunguza wanafunzi wawili, mmoja vibaya sana. Mwezi Septemba, mjini Denver, mwalimu alimimina methanoli kutoka katika chupa ya lita 4 kuongezea moto uliokuwa mdogo. Moto ukaingia chupani na kutoka kama mshale mpaka kwa mwanafunzi aliyekuwa ameketi mita kadhaa mbali. Walimu wale walikuwa na elimu na vifaa. Kilichowaangusha ni chupa kubwa iliyokuwa karibu na moto, na imani kwamba moto mdogo ni sawa na moto uliozimika.

Kuhusu mavazi tutasema kwa ufupi. Pamba huungua, lakini nailoni na nguo nyingine za nyuzi za viwandani huyeyuka na kugandamana na ngozi. Nywele ndefu zifungwe. Ncha za kanga, mtandio au ushungi ziingizwe ndani ya vazi, zisining'inie. Nguo ya mtu ikishika moto asikimbie, maana kukimbia ni kuupepea moto. Alazwe chini, agaagae, afunikwe kwa blanketi au nguo nzito ya pamba. Na sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, isipakwe dawa ya meno, asali, yai wala unga. Mambo hayo manne ya mwisho tumeyaona yote kwa macho yetu, na yote huhifadhi joto ndani ya kidonda au kukichafua.

Asidi, maji na chupa ya soda

Kanuni inayojulikana kuliko zote katika maabara ya kemia ni ile isemayo: mimina asidi katika maji, usimimine maji katika asidi. Ukimwuliza mwanachuo sababu yake, mara nyingi atajibu kwamba "ni hatari". Jibu hilo si sababu; ni kanuni ile ile iliyovaa nguo nyingine.

Sababu inaweza kufundishwa kwa jambo ambalo kila mtoto amelishuhudia nyumbani. Mama anapokaanga maandazi, tone la maji likidondoka ndani ya mafuta ya moto, mafuta huruka na kumrukia yeye. Maji yamegeuka mvuke ghafla, na mvuke ule unapotoka hurusha mafuta. Asidi salfuriki kali hufanya vivyo hivyo, ila joto halitoki jikoni, hutoka katika kukutana kwenyewe kwa asidi na maji. Tena asidi hiyo ni nzito: ujazo wake huwa na uzito wa karibu mara 1.84 ya ule wa maji. Maji yakimiminwa juu yake huelea, joto lote hukusanyika pale pale yanapokutana, maji huchemka papo hapo na kurusha asidi usoni mwa anayemimina. Lakini asidi ikimiminwa polepole katika maji mengi, huzama na kuenea, na joto lake humezwa na maji yote. Mwanachuo anayeielewa picha hii ataongeza mwenyewe mambo ambayo hatukumwambia: kwamba amimine kidogo kidogo, akoroge kwa kijiti cha kioo, atumie chombo kinachohimili joto, na asubiri kipoe kabla ya kuongeza tena.

Mwalimu wa shule ya msingi hatakutana mara nyingi na asidi kali ya chupa ya maabara. Atakutana na asidi ya betri ya gari, ambayo hupatikana kwa fundi yeyote. Karibu theluthi moja ya uzito wake ni asidi salfuriki, na iliyobaki ni maji. Watu huiita "maji ya betri", na jina hilo ndilo lenye hatari, kwa sababu huitwa hivyo pia yale maji yaliyokenekwa ambayo huongezwa katika betri iliyopungua. Basi mtoto akitumwa kwa fundi kuleta "maji ya betri", haijulikani ataleta nini, wala yeye mwenyewe hajui amebeba nini. Asitumwe mtoto. Jambo jingine la asidi hii ni kwamba ikidondokea nguo, maji yake hukauka na asidi hubaki, ikizidi kuwa kali kila saa ipitayo. Kaptula iliyoonekana nzima jioni huwa na matundu asubuhi, na ngozi iliyo chini yake huanza kuwasha wakati mwenyewe amekwisha kusahau kwamba alirukiwa. Kwa hiyo tone dogo lioshwe mara moja, hata kama haliumi.

Asidi hiyo huja katika chupa gani? Mara nyingi huja katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, maana ndiyo iliyokuwapo. Hatujui kitu katika shule zetu kinachotutisha zaidi ya chupa hiyo. Mtoto wa miaka tisa amefundishwa na maisha yake yote kwamba kilichomo katika chupa ya soda hunywewa. Hakuna kanuni ya ukutani inayoweza kushinda mafundisho hayo katika saa ya kiu. Na hali ni ile ile kwa mafuta ya taa, kwa spiriti, kwa dawa ya kung'arishia nguo, na kwa kostiki soda iliyokorogwa kwa ajili ya kutengeneza sabuni. Kwa hiyo shauri letu ni kwamba chombo chochote kilichozaliwa kwa ajili ya chakula au kinywaji kisiingizwe kemikali, hata kwa dakika tano, hata kama mwalimu mwenyewe ameketi kando yake. Zitumike chupa za dawa, madumu yaliyokatazwa jikoni, mitungi ya kioo yenye vifuniko vipana. Kila kimoja kiandikwe jina la kitu, tarehe, na neno HATARI. Kwa wale wasiojua kusoma bado, kichorwe fuvu, nao waelezwe maana ya mchoro huo.

Akinywa, asitapishwe. Tunalisema hili kwa mkazo, kwa sababu nyumbani kwingi mtu wa kwanza kufika huingiza kidole kooni mwa mtoto. Asidi au kostiki iliyounguza koo ikishuka itaunguza tena ikipanda, na mafuta ya taa yakitapikwa huingia katika mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Mtoto asukutue kinywa, apelekwe hospitali mara moja, na chupa aliyoinywea ipelekwe pamoja naye ili mganga ajue anatibu nini.

Jicho na ulimi

Mwishoni mwa mwaka 1812 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy, aliyekuwa na sifa kubwa katika Ulaya nzima, alikuwa akichunguza kitu kinacholipuka ambacho leo huitwa naitrojeni trikloraidi. Alijua ni hatari. Mgunduzi wake, Mfaransa Dulong, alikuwa amepoteza jicho moja na vidole. Davy alitumia kiasi kidogo tu. Hata hivyo kioo kilipasuka na kumwumiza jicho, akawa haoni vema kuandika, ikambidi atafute mtu wa kumwandikia. Aliyepatikana kwa kazi hiyo alikuwa kijana mjalidi wa vitabu, Michael Faraday, ambaye mwaka 1813 aliajiriwa katika maabara ya Davy na baadaye akawa mwanasayansi mkubwa. Kisa hiki hupendwa na walimu kwa ajili ya Faraday. Sisi twawaomba wanachuo wakisome pia kwa ajili ya jicho.

Ngozi iliyoungua hujirekebisha kwa kiasi fulani. Sehemu ya mbele ya jicho ikiungua sana haiwi angavu tena. Wengi hudhani asidi ndiyo adui mkuu wa jicho, kumbe alkali kali ni mbaya zaidi. Kostiki soda na chokaa iliyotoka tanuuni bila kuzimwa huyeyusha mafuta ya mwili na kuyageuza kuwa kama sabuni, na ndiyo maana vidole vilivyoigusa huteleza. Kwa njia hiyo alkali huendelea kupenya ndani baada ya ile dakika ya kwanza. Basi anayetengeneza sabuni na wanafunzi ana wajibu wa kuvaa miwani ya kinga sawa na mwenye asidi. Miwani ya kusomea haitoshi, kwa kuwa pembeni iko wazi. Aitie kostiki katika maji, asitie maji juu ya kostiki, kwa sababu ile ile ya joto. Na asitumie kamwe sufuria ya alumini. Kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka, huku povu la moto likipanda na kumwagika. Ndoo ngumu ya plastiki hufaa. Tumeulizwa mara nyingi kama watoto waweze kukoroga. Tunajibu kwamba wakoroge mafuta, wapime, wamimine sabuni katika vibao ikiwa imekwisha kuiva na kupoa. Lakini kostiki na maji ni kazi ya mwalimu.

Dawa ya jicho lililorukiwa ni maji, na ni maji mengi kuliko watu wanavyofikiri. Maabara zilizoandaliwa vizuri huwa na kifaa cha kuoshea macho kinachotoa si chini ya lita 1.5 kwa dakika, kwa muda wa dakika 15. Hesabu hiyo ni lita 22.5. Mwalimu asiye na bomba na aizingatie hesabu hii: kabla ya kufungua chupa ya asidi au ya kostiki, ndoo ya lita 20 iliyojaa maji safi, na ndoo ya pili ya akiba, ziwe zimesimama darasani pamoja na jagi. Kibuyu chirizi ni kizuri kwa kunawa mikono, lakini kwa jicho maji yake hayatoshi. Mtoto alazwe, kope zishikwe ziwe wazi, maji yamiminwe kutoka upande wa pua kuelekea nje, dakika 15 bila kukoma, kisha apelekwe hospitali. Na kama ndoo hazikujaa siku hiyo, somo libadilishwe. Kuna siku tumelibadilisha sisi wenyewe, wanafunzi wakatuona waoga.

Ulimi una tatizo la namna nyingine, nalo ni tatizo la ufundishaji. Tunapofundisha milango ya fahamu katika madarasa ya chini, tunawaambia watoto waonje chumvi, sukari na ndimu, waeleze tofauti yake. Miaka miwili baadaye tunawaambia kwamba katika sayansi hakuna kuonja. Mtoto ana haki ya kushangaa. Mwanakemia Carl Scheele wa Uswidi alikuwa na desturi ya kuonja vitu alivyovigundua. Alifariki mwaka 1786 akiwa na umri wa miaka 43, na wengi wameihusisha desturi hiyo na kifo chake. Njia tunayoipendekeza ni kutenganisha mahali na vyombo. Somo la kuonja lifanyike nje au katika chumba cha kulia, kwa vijiko na vikombe vya jikoni vilivyooshwa, na mwalimu aseme waziwazi kwamba hiki ni chakula na ndiyo maana tunakionja. Chombo kilichowahi kutumika kwa kemikali kisirudi katika somo hilo hata kikioshwa mara kumi. Kuhusu pua, mwanafunzi asiinamie chupa. Apunge mkono juu ya mdomo wa chupa ili harufu kidogo imfikie.

Zebaki tuitaje hapa kwa sababu ya wanachuo watakaopangiwa kazi karibu na machimbo ya dhahabu, kama kule Geita au Chunya. Watoto huko huweza kuileta shuleni katika kifuko, maana hung'aa na huchezeka vizuri. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, nao hudhuru ubongo. Isichezewe, isifagiliwe kwa ufagio, isipashwe moto. Madirisha yafunguliwe na watoto watoke nje.

Kabla ya somo na baada yake

Tumetaja vitu vikali vingi, na pengine msomaji amekwisha kujiuliza kama kweli anavihitaji. Mara nyingi havihitaji. Lengo la somo likiwa ni kuonyesha kwamba asidi hubadilisha rangi ya kitu na alkali huirudisha, ndimu, siki na ukwaju ni asidi za kutosha. Magadi yaliyozimuliwa ni alkali ya kutosha. Na maji mekundu ya rozela, ile ambayo wengine huiita choya, hubadilika rangi wazi mbele ya darasa zima. Somo hilo watoto wote sitini wanaweza kulifanya kwa mikono yao. Mwalimu akileta asidi ya betri badala ya ndimu, hapati maarifa zaidi. Anapata hatari zaidi, na watoto wanaacha kutenda wanabaki kutazama. Katika andalio la somo, swali la kwanza liwe: ni kitu gani dhaifu kabisa kitakachotimiza lengo hili?

Palipo lazima kutumia kitu kikali, kazi hiyo na iwe onyesho la mwalimu peke yake. Wanafunzi wasimzunguke mezani, maana wa nyuma huwasukuma wa mbele. Waketi, na safu ya kwanza iwe mita mbili au tatu mbali. Mdomo wa neli ya majaribio inayopashwa moto uelekezwe ukutani, pasipo mtu, na neli isijazwe zaidi ya theluthi yake, itikiswe taratibu juu ya moto, kwa sababu kimiminiko kinachochemkia chini tu hurushwa chote nje kwa mara moja.

Na jaribio lolote lifanywe kwanza na mwalimu peke yake, jana yake, kwa vifaa vile vile na kiasi kile kile. Hatusemi kulisoma kitabuni, tunasema kulifanya. Hapo ndipo atakapogundua kwamba kioo cha chupa ya jamu hupasuka juu ya moto, kwamba kizibo hakitoshi, kwamba dirisha huingiza upepo unaolaza mwale wa taa upande wa watoto. Mkufunzi mmoja aliyetutangulia alikuwa hasaini andalio la somo la sayansi mpaka aoneshwe mabaki ya jaribio la jana. Tulimwona mkali kupita kiasi, nasi sasa tunafanya hivyo hivyo.

Mwisho wa somo huwa wa haraka, kengele imelia na mwalimu wa kipindi kijacho yuko mlangoni. Ajali nyingi za kusafisha hutokea hapo. Dawa ya kung'arishia nguo isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, wala na amonia. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na watu wamezidiwa na gesi hiyo wakiwa wanaosha sinki tu. Mabaki ya asidi yazimuliwe kwa maji mengi, kisha yatiwe magadi kidogo kidogo mpaka povu likome, ndipo yamwagwe katika shimo lililo mbali na kisima. Spiriti iliyobaki irudi katika chupa yake. Wanafunzi wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kwenda kula, pamoja na wale waliotazama tu.

Chupa zinapotoka kabatini zihesabiwe mbele ya darasa, na idadi yake iandikwe pembeni mwa ubao. Zinaporudi zihesabiwe tena. Kama zilitoka sita na zimerudi tano, darasa lisitawanyike mpaka ya sita ionekane, hata kama mwalimu wa hesabu anangoja.